Saa Moja, Wanaosubiri Wawili

Kituoni, 3 Machi

Mume wangu mpenzi,

Nimefika salama, na mzigo wote mzima isipokuwa kikombe changu, kimevunjika mkono. Usishangae kupata karatasi badala ya simu. Hapa simu inaachwa getini kwenye sanduku la mlinzi, na mwenye simu anaingizwa bafuni. Si utani! Unavua kila kitu, unaoga kwa sabuni yenye harufu ya dawa ya wadudu, unatokea upande wa pili umevaa ovaroli yao. Wanaogopa magonjwa ya kuku kuliko wanavyoogopa wezi. Ukishaingia, hutoki mpaka kazi iishe, na simu ya getini ni ya dharura tu. Barua zinakwenda na dereva wa lori la vifaranga, mara mbili kwa wiki, kwa hiyo usiponijibu nitajua ni uvivu, si barabara.

Kituo kizuri, kisafi kama hospitali. Kuna chumba cha mashine za kutotolesha, kila moja kubwa kama kabati la ukutani, na chumba kidogo chenye meza za vioo na taa chini yake, ambapo wanawake wawili wanapitisha mayai kwenye mwanga kuona lipi lina uhai. Nimepewa kiti kwenye chumba hicho.

Sasa kazi. Tatizo lao ni ile programu yako ya mwaka juzi. Unakumbuka ina nyuzi mbili, kazi mbili zinazokwenda sambamba: mmoja wa kugeuza trei za mayai kila saa, mwingine wa kufungua matundu ya hewa na kuwasha feni kila saa. Uliziambia kila moja ilale saa nzima, iamke, ifanye kazi, ilale tena. Lakini ule muda wa kufanya kazi hauhesabiwi popote. Feni inakwenda dakika kumi, ndipo uzi unaanza kulala saa yake upya. Kwa hiyo "kila saa" yako imekuwa kila saa na dakika kumi, na mayai yanakosa hewa kidogo kidogo. Kompyuta haikulalamika hata siku moja. Aliyegundua ni fundi umeme wao, kwa masikio tu. Ndiyo maana wanamwita Sikio.

Nataka niache huo mtindo wa kulala, nitumie saa ya kungojewa: mfumo wenyewe wa kompyuta unashika saa, nyuzi zinaketi kungoja, muda ukitimia zinaamshwa. Saa haichelewi hata kama nyuzi ziko kazini. Sikio alinisikiliza naeleza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe kosa lilikuwa kungoja vibaya." Nilicheka.

Mbusu Kidoti. Mwambie vifaranga wanatoka tarehe moja wote, kama wameambiana.

Mkeo


Nyumbani, 5 Machi

Mke wangu,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara tatu. Sikio nimemkuta katikati, na chini kabisa, karibu na busu la mtoto, nimemkuta tena. Busu langu sijaliona. Labda dereva amelila.

Kuhusu programu yangu: ile niliiandika wiki sita, wakati wewe unaniuliza faili linafunguliwa wapi. Ilifanya kazi miaka miwili. Kama leo inachelewa dakika kumi, sawa, ichelewe, lakini isiwe hadithi ya kuchekea na mafundi umeme. Wakati ule Mkuu wa ofisi aliisifu mbele ya wote. Safari hii alipokuchagua wewe uende peke yako nilinyamaza, nikakupangia nguo kwenye begi. Sikumbuki kama ulinishukuru.

Andika hiyo saa yako. Mimi nipo, nitapitia. Sheria ya ofisi ni ile ile: programu haiwashwi bila sahihi mbili.

Huyo Sikio ana mke?

Kidoti amepoteza jino la mbele. Anakusalimu kwa kupuliza.

Mumeo


Kituoni, 9 Machi

Baba Kidoti,

Wewe nawe! Nimekucheka mpaka wanawake wa meza ya mwanga wakaniuliza kulikoni. Busu lako hili hapa, nimelibandika pembeni, usiseme dereva amelila. Na ahsante kwa begi, ulipanga vizuri.

Naambatanisha kurasa nane nilizochapisha. Nimeunda saa moja, nyuzi zote mbili zinaingoja hiyo hiyo, ili mgeuzaji na mpulizaji waamke pamoja wasipishane tena. Nisaidie ukurasa wa tano, pale saa inapoundwa. Kuna neno moja tu la kuchagua: saa ijizime yenyewe ikishagonga, au iendelee kugonga mpaka izimwe na mtu. Nimechagua ijizime. Nimejaribu mezani kwa taa mbili badala ya mashine, na zote mbili niliziona zikiwaka. Lakini moyo haujatulia. Wewe ndiye uliyenifundisha, jicho lako halipitwi na kitu. Ukiona hata tone la mashaka niandikie kwa penseli pale pale pembeni, kama ulivyokuwa ukifanya zamani.

Mayai elfu tisa yanaingia tarehe kumi na tatu. Mwenye kituo, tunamwita Bi Mkubwa, amesema bila sahihi yako hawashi. Mama huyu akitembea hata kuku wanajipanga.

Sikio amenitengenezea kigoda kwa mbao za makreti maana kiti changu kilikuwa kinayumba. Sijui kama ana mke, sijamuuliza. Nikuulizie?

Mkeo anayekukumbuka


Nyumbani, 11 Machi

Mke wangu,

Nimepitia zote nane. Sawa. Nimetia sahihi ukurasa wa mwisho, mwonyeshe Bi Mkubwa.

Usijisumbue kumuulizia mtu ndoa yake.

Mumeo


Kituoni, 23 Machi

Mume wangu,

Leo siku ya kumi na mashine inakwenda kama maji. Taa ya kijani kwenye kioo inawaka kila saa bila kukosa hata dakika, Bi Mkubwa amepita hapa mara mbili bila kugomba. Tumeyapitisha mayai kwenye mwanga: mishipa myekundu imetandaa kama mizizi, na katikati kuna nukta inayoruka. Niliita, "Njooni muone moyo!" kama vile wao hawajauona maisha yao yote.

Kuna jambo dogo. Jana Sikio alisimama mlangoni muda mrefu, mkono kwenye ukuta, halafu akaniambia, "Mama Kidoti, mimi feni siisikii kila saa. Saa hii nasikia feni, saa ijayo nasikia trei tu." Nikamwonyesha taa ya kijani. Akasema taa haina sauti. Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Nikamwambia programu hii mume wangu ameipitia mstari kwa mstari, na kama kungekuwa na kosa angeliona kabla chai yake haijapoa. Akasema, "Basi, kama ameona yeye," akaondoka.

Lakini usingizi umenipungua. Niambie tu kwamba sikio lake limechoka, nitulie. Wewe ulikagua ukurasa wa tano, si ndiyo?

Mkeo


Nyumbani, 25 Machi

Mke wangu,

Nilikagua.

Kwa hiyo sasa mtu anaweka mkono ukutani na wewe unakosa usingizi. Zamani ulikuwa unakosa usingizi kwa ajili ya mitihani yangu ya ofisi. Mwambie fundi asikilize nyaya zake, kompyuta awaachie wenyewe. Na mwambie jina lako si "Mama Kidoti" kwake. Hilo ni jina la nyumbani.

Kidoti ameniuliza Sikio ni nani. Amelisikia wapi jina hilo? Amesoma barua yako mezani, neno kwa neno, kwa kidole. Sasa hata mtoto.

Mumeo


Kituoni, 4 Aprili

Mume wangu,

Sijui nianzie wapi. Mayai yamekufa.

Siku ya kutotoa chumba hupiga kelele kama soko, ndivyo walivyonisimulia wiki zote hizi. Jana tulifungua milango saa mbili asubuhi na kulikuwa na ukimya, na ndani ya ukimya huo vilio vichache vya mbali, kama vya vitu vilivyosahauliwa. Kati ya mayai elfu tisa, waliotoka hai hawafiki mia sita. Wanawake wa meza ya mwanga wamekaa tangu jana wanavunja yaliyobaki, moja moja, kuandika walikufa siku ya ngapi. Nimekaa nao. Ni vifaranga kamili, mume wangu. Manyoya, kucha, kila kitu. Wengi siku ya kumi na saba, kumi na nane, wakati kifaranga anapotaka hewa nyingi kuliko siku zote. Walikosa hewa.

Bi Mkubwa hakupiga kelele. Alisimama akasema, "Nani?" Tu.

Na kabla sijafungua mdomo akatoa barua kutoka kwa Mkuu wetu. Tulipompigia kwa simu ya getini siku ya kumi na nane kusema mashine inapanda joto, Mkuu alikuuliza wewe, na wewe ukamwambia programu ni safi, iangaliwe kazi ya fundi umeme, kwamba anagusa nyaya asizozijua. Limeandikwa hivyo hivyo: anagusa nyaya asizozijua.

Sikio amefukuzwa jana mchana, mbele ya wafanyakazi wote, na mlinzi amemsindikiza kama mwizi. Hakubishana. Aliponipita alisema, "Hesabu feni." Miaka kumi na tatu amefanya kazi hapa.

Ulijuaje kuhusu nyaya? Umeziona wapi?

Naanza kutafuta kosa leo. Sitalala kwenye kitanda mpaka nilipate.

Mkeo


Kituoni, 6 Aprili

Baba Kidoti,

Nimelipata. Nakueleza, ingawa naamini huhitaji kuelezwa.

Nilikaa na kigoda changu mbele ya mashine tupu, karatasi na kalamu, tangu alfajiri. Saa moja: feni. Saa mbili: trei. Saa tatu: feni. Saa nne: trei. Zilikuwa zinapokezana. Ni maneno yale yale aliyoyasema Sikio siku ya tisa.

Ile saa ya kujizima ikigonga inamwamsha mmoja tu wa wanaoingoja, kisha inajizima. Mwingine anaendelea kungoja mpaka saa ijayo. Ni kama watu wawili wamelala chumba kimoja chenye saa moja ya mezani. Wa kwanza kuamka anaibonyeza inyamaze, mwenzake anaendelea kukoroma. Kwa hiyo kila mmoja alifanya kazi baada ya saa mbili, si moja. Taa yangu ya kijani iliwaka kila saa kwa sababu niliiambia iwake yeyote akiamka. Mwanzoni mayai yalivumilia. Vifaranga walipokua, nusu ya hewa haikuwatosha. Na lile jaribio langu la mezani: niliona taa mbili zinawaka nikaridhika, sikuhesabu kwamba haziwaki pamoja. Kosa ni langu. Nimemwambia Bi Mkubwa hivyo, kwa mdomo wangu, asubuhi hii.

Halafu nikachukua kurasa zako zenye sahihi nione mstari ule. Pembeni ya ukurasa wa tano karatasi ilikuwa imekwaruzika, laini kama kitambaa kilichofuliwa sana. Nikaiweka juu ya kioo cha taa ya mayai. Penseli ilifutika, lakini mkono wako ni mzito, karatasi imebonyea. Mwanga ukapita chini yake nikasoma:

"Saa moja, wanaosubiri wawili. Akiamka mmoja, mwingine je?"

Ni mwandiko wako. Herufi "j" yako yenye mkia mrefu, ile ninayokutania.

Uliona. Uliona tarehe kumi na moja Machi, kabla hata yai moja halijaingia. Ukafuta, ukaandika "Sawa". Nikakuuliza tena tarehe ishirini na tatu, ukasema ulikagua. Bado siku saba za kuyaokoa zilikuwepo.

Sikuulizi kwa nini. Naogopa kwamba najua. Nataka uniandikie wewe mwenyewe.

Sitii jina chini ya hii.


Nyumbani, 9 Aprili

Mke wangu, kama bado naruhusiwa kuandika hivyo,

Niliona.

Nilikuwa mezani, mchana, Kidoti anakula karibu yangu. Nilifika ukurasa wa tano, penseli ikaenda yenyewe, kwa mazoea, nikaandika swali lile. Nikafurahi. Nikawaza: bado ananihitaji. Halafu nikaisoma tena barua yako, kigoda cha mbao za makreti, na "nikuulizie?" Na jinsi ulivyoandika kwamba programu yangu ilikuwa inangoja vibaya, na mkacheka. Nikawaona mmesimama pamoja kwenye chumba chenye mwanga, wewe unaeleza, yeye anaelewa. Mimi sijawahi kukusikiliza ukieleza kitu mpaka mwisho. Nilijua hilo nikiwa nimekaa pale. Ndilo lililoniuma.

Nikamwomba Kidoti ufutio wake. Akaniuliza, "Baba, umekosea?" Nikamwambia ndiyo, nimekosea. Nikafuta kitu pekee nilichopatia siku ile.

Sikutaka mayai yafe. Nilidhani utagundua baada ya siku mbili, utakimbilia simu ya getini unipigie, na yeye awe amesimama hapo karibu akusikie ukiniomba msaada. Nilitaka uanguke kidogo tu, mbele yake. Siku zikapita hukupiga. Ulipoandika kwamba amesikia feni, nilisoma barua ile nimesimama jikoni. Yeye, bila kusoma hata mstari mmoja, alikuwa amesikia kosa nililoliona mimi peke yangu. Ningeweza kukuandikia neno moja. Lakini neno hilo lingemfanya yeye awe sahihi. Nikashindwa. Halafu Mkuu aliponiuliza, jina lake lilinitoka mdomoni kabla sijafikiri, na ningekuwa mwongo nikisema halikuniburudisha.

Huo ndio wivu wangu, na sasa umeuona wote. Nilidhani mwenye wivu huvunja vyombo na kupiga kelele. Mimi nilikaa kimya nikatia sahihi.

Nimemwandikia Bi Mkubwa barua, nakala hii hapa. Nimesema niliona kosa nikalificha, na kwamba nilichosema kuhusu fundi nilikitunga. Nimempelekea Mkuu pia. Alisoma akiwa amesimama, akaketi, akaniambia nikabidhi meza yangu.

Sikuombi chochote.

Baba Kidoti


Kituoni, 14 Aprili

Baba Kidoti,

Bi Mkubwa aliisoma barua yako uani, kwa sauti, wafanyakazi wote wakiwepo, kwa kuwa alisema mtu akifukuzwa hadharani hawezi kusafishwa chumbani. Nilisimama pale nikasikiliza ndoa yangu inasomwa na mwanamke aliyevaa buti za plastiki. Wanawake wa meza ya mwanga walinishika mikono huku na huku. Hakuna aliyecheka. Nilitamani wangecheka.

Kisha alimtuma dereva akamlete Sikio. Dereva amerudi peke yake. Sikio amesema, "Nimetolewa mbele ya watu. Nirudi nikapokewe mbele ya nani?"

Programu nimeirekebisha. Kila uzi una saa yake mwenyewe, zote mbili zimewekwa zigonge wakati mmoja. Hakuna anayeweza kumnyang'anya mwenzake mlio. Taa za kijani nazo ni mbili. Mkuu amekuja mwenyewe akaoga, akavaa ovaroli, akahesabu feni na trei siku nzima ndipo akatia sahihi. Mayai mapya yanaingia tarehe kumi na saba. Bi Mkubwa amenipa nafasi moja, na amesema waziwazi kwamba ni moja.

Mimi na wewe tutaongea baadaye, sijui lini. Lakini kwa Sikio una deni, na mimi sitakuwa mjumbe wako. Anaishi huko huko mjini, nyuma ya kituo cha mafuta, nyumba yenye mlango wa bati la buluu. Usipeleke barua. Peleka uso.

Mama Kidoti


Nyumbani, 22 Aprili

Mama Kidoti,

Nimekwenda.

Nilizunguka kile kituo cha mafuta mara tatu kabla sijabisha. Alikuwa barazani anafungua pasi ya jirani. Si mzee, na si mbaya wa sura. Nakuambia kwa sababu hilo ndilo jambo la kwanza nililolitazama, hata siku ile, hata kwa kazi iliyonipeleka pale. Nikamwambia mimi ni nani. Akaweka bisibisi chini, taratibu.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Ngumi, matusi, kufukuzwa. Nikasema yote, nimesimama, mpaka nikafika kwenye zile nyaya. Alinisogezea kigoda kwa mguu. Halafu akasema, "Kaa. Nieleze huo mstari."

"Mstari gani?"

"Uliofuta. Nieleze unavyofanya kazi."

Nikamweleza. Saa, wanaongoja, ile inayojizima na ile isiyojizima. Aliuliza maswali mawili, yote mawili mazuri kuliko niliyowahi kuulizwa ofisini. La pili lilikuwa: kama wote wawili wameshaketi wanangoja, nani anaamshwa kwanza? Nikamwambia kwa kawaida ni yule aliyetangulia kuketi, lakini mfumo hauahidi. Akatikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo nilisikia sawasawa," akasema.

"Ulisikia sawasawa."

Hakusema amenisamehe, na mimi sikuthubutu kumuuliza. Aliifunga tena ile pasi, akaichomeka, akaisikiliza inavyopata moto, kweli anasikiliza, kichwa amekiinamisha. Nilipoinuka kuondoka akaniambia bila kunitazama, "Mkeo alikuwa anakuamini mpaka inaudhi."

Nilitembea mpaka nyumbani kwa miguu. Na nitakuambia ukweli, maana sina kingine cha kukupa: njia nzima nilimwonea wivu tena. Lakini safari hii si kwa sababu yako. Yeye alisikia kitu akakisema, akaambiwa hajui, akafukuzwa, na bado anajua kwamba alisema. Mimi sina siku hata moja kama hiyo mwaka huu.

Nimepata kazi ya muda, kufundisha kompyuta shule ya jioni. Kidoti ana jino jipya linachungulia. Amejifunza kuandika jina lako lote bila kukosea.

Baba Kidoti


Kituoni, 9 Mei

Baba Kidoti,

Jana tulifungua milango. Nilikuwa nyuma kabisa, nimeziba uso kwa mikono. Sikuhitaji kuangalia. Kelele zilinifikia kabla mlango haujafika nusu, kelele za kukera kabisa, elfu nane na zaidi wanadai dunia kwa pamoja. Bi Mkubwa alisema, "Haya, kazini," akaondoka haraka. Nadhani alikuwa analia. Mimi nililia bila kuondoka.

Sikio amerudi. Bi Mkubwa alimfuata mwenyewe, na buti zake zile zile, akasimama mbele ya mlango wa bati mchana kweupe majirani wakitazama. Amerudi kwa sharti moja: daftari liwekwe mlangoni mwa chumba cha mashine, mtu yeyote aandike anachokisikia au kukiona, hata mfagiaji, na lisomwe kila asubuhi kwa sauti. Ameniambia ulikwenda. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza.

Kazi yangu hapa imeisha. Nitakuja na lori la Ijumaa.

Kuna swali ambalo hukuniuliza hata mara moja. Ulilizungusha kwenye kila barua, ulilifikisha kwa Mkuu kwa namna yako, umelipeleka mpaka barazani kwa mtu anayetengeneza pasi, lakini mimi hukuniuliza. Basi nakujibu: hapana. Hakukuwa na kitu. Ungeniuliza mwezi wa tatu ningekujibu nikicheka, na ningekutania mwaka mzima. Sasa nakujibu tu.

Sijui kama nakuja kukaa. Nakuja kwa sababu mtoto amepata jino na mimi sijaliona, na kwa sababu barua yako ya tarehe ishirini na mbili nimeisoma mpaka mwisho, kisha nikairudia, na hakuna mahali nilipokukuta umejificha. Hiyo ni mara ya kwanza.

Nitalala chumbani kwa Kidoti. Usihamishe kitanda, tutatoshana. Na Ijumaa nikishaoga na kula, nitakaa nikueleze kazi niliyoifanya huku, yote, kuanzia ukurasa wa kwanza. Wewe utanisikiliza bila kunikatiza. Tukifika mwisho, ndipo nitajua la kufanya.

Mama Kidoti